Usingizi wa Kibandiko

Mwezi ule Tusekile Mwambeta alitangazwa kuwa mlalaji bora wa Kituo cha Mvuke cha Itekela, na mwezi ule ule nusura alipue kisima namba tisa.

Cheti chake kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya mlango wa kantini. Alama tisini na saba kwa mia. Wenzake walimpigia makofi wakati wa chai, naye akainamisha kichwa kama bibi harusi. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Miaka kumi na miwili kati ya hiyo aliitumia kufungua na kufunga vali za mvuke unaotoka chini ya milima ya Rungwe, na miaka yote thelathini na minane aliishi na selimundu, ugonjwa wa damu. Mtu wa selimundu hapongezwi kwa kulala. Mifupa ikianza kuuma, usingizi huwa wa kwanza kufungasha virago. Na hata isipouma, hofu kwamba itauma hukaa kitandani kama mtu wa tatu.

Kibandiko alichopewa na kituo ndicho kilichoifukuza hofu ile. Kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, kikikaa upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kiwiko. Kilisoma mapigo ya moyo na jasho. Mtu akijilaza na wasiwasi ukapanda, kilimpenyezea kwenye ngozi dawa ya kutuliza, ya jamii ileile ambayo madaktari wamekuwa wakiwapa watu wenye wasiwasi tangu enzi za mababu. Asubuhi mfanyakazi aliweka mkono kwenye lango la kituo, likakisoma kibandiko. Kama alilala masaa sita, lango lilifunguka. Kama hakulala, lilitoa karatasi ya kumrudisha nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa Sheria ya Usingizi, iliyotungwa baada ya mtu aliyekesha siku tatu kufungua vali isiyo yake na watu sita wakababuka hadi kufa.

Jumanne moja, wiki moja baada ya kupewa cheti, Tusekile alikaa mbele ya geji kumi na mbili za chumba cha mitambo. Mshale wa kisima namba tisa ukaanza kupanda. Ulipita mstari wa kijani ukaingia wa njano. Aliuona. Jambo lililokuja kumtisha baadaye ni hilo, kwamba aliuona vizuri kabisa, akajua maana yake, na ndani yake hakuna kitu kilichosimama. Aliutazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji cha jirani.

Gwakisa, kijana aliyekuwa naye zamu, alivuka chumba kwa hatua nne, akalizungusha gurudumu la vali kwa mikono miwili mpaka mshale ukarudi chini. Kisha akageuka, jasho likimtiririka.

"Dada Tuse, hukuona?"

"Niliona."

"Uliona, halafu?"

Tusekile aliugeukia mshale uliorudi chini. Gwakisa akakivuta kitabu cha zamu, akaandika: *Geji namba tisa iligoma kwa muda. Imerekebishwa.* Hakuna geji iliyogoma.

*

Mume wake, Ambakisye, alikuwa fundi cherehani. Asubuhi iliyofuata hakuanza kazi. Alikaa mezani mbele ya chai iliyopoa, kalamu ya kuchorea vitambaa ikiwa sikioni.

"Mama Neema, nimekuhesabia pumzi," alisema. "Usiku wa tatu huu. Nashika saa, nahesabu. Mtu mzima anavuta kumi na mbili, kumi na nne kwa dakika. Wewe jana ulivuta saba. Kuna mahali ulinyamaza kabisa, nikakutikisa. Hukuamka. Ulivuta tu moja ndefu ukaendelea."

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza?"

"Ulikuwa umelala. Miaka kumi na tano sijakuona umelala hivyo. Niliogopa kukuharibia."

Tusekile alikwenda kabatini akatoa daftari. Mama yake ndiye aliyemfundisha, tangu anajua kuandika, kuweka tarehe ya kila shambulio la maumivu, mahali lilipoanzia na siku lilizodumu. Alipitisha kidole kwenye kurasa. Kwa miaka mingi alipata shambulio moja kila miezi mitatu, mara nyingine minne. Tangu Aprili, wiki sita, alipata matatu. Wote walilaumu baridi. Lakini baridi ya Tukuyu haikuanza mwaka huu.

Alichukua daftari, akavaa koti la mvua, akaenda zahanati ya kituo.

*

Daktari Elinami Mchomvu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Alisoma daftari lote kabla hajafungua kompyuta. Alipoifungua alirudia safu moja ya namba mara tatu.

"Aprili dozi yako ilipanda maradufu," alisema.

"Nani aliipandisha?"

"Hakuna mtu. Mwili huizoea dawa hii. Dozi iliyokulaza mwanzoni haikulazi miezi sita baadaye. Kibandiko kikiona masaa yanapungua, kinaongeza. Kimetengenezwa kutafuta masaa sita, na kinayapata."

Alivua miwani. Akamweleza taratibu, kama anayezungumza na mtu ambaye tayari anajua nusu ya habari. Dawa inayotuliza wasiwasi hutuliza pia pumzi. Kwa mtu mwingine hilo huenda lisiwe jambo kubwa. Lakini damu ya Tusekile ikipungukiwa hewa, chembe zake hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, na hapo ndipo mifupa huanza kulia. Siku za maumivu alikuwa akimeza pia dawa kali ya maumivu, ambayo nayo hupunguza pumzi. Mbili zikikutana usiku kwenye mwili mmoja, mtu anaweza asiamke.

"Na kibandiko hakijui?"

"Hakipimi pumzi. Hakipimi hewa kwenye damu. Kinajua tu kwamba umelala."

Tusekile alishika ukingo wa kibandiko kwa kucha. Daktari akamshika mkono.

"Usikibandue. Nisikilize, dada yangu. Miezi minane mwili wako umeegemea dawa hii. Ukiikata ghafla unaweza kupata degedege, na ukakosa usingizi vibaya kuliko mwanzo. Inashushwa kidogo kidogo, kwa miezi, mimi nikikuangalia. Dawa ya maumivu nitakubadilishia leo. Na usiku utavaa hiki." Alimpa kipima hewa cha kuvaa kidoleni. "Ila lazima ujue nikianza kuishusha, masaa yako yatashuka. Lango litakukataa."

"Kabla ya kibandiko nililala masaa matatu, manne. Miaka kumi na miwili. Sijawahi kukosea vali hata moja."

"Najua."

"Nimekosea nikiwa na alama tisini na saba, daktari."

Daktari Elinami aliweka kalamu chini. Tusekile akamweleza yote kuhusu kisima namba tisa, isipokuwa jina la aliyeandika kitabu.

*

Kwa Wanyakyusa salamu yenyewe ni swali la usingizi. Gwakisa alimkuta nyuma ya kantini akamwambia, "Ugonile," umelala salama, kisha wote wawili wakacheka bila kupenda.

Gwakisa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyewavuta nje. Mwaka mzima baadaye, bomba likipiga mluzi alijikuta amelala chini sakafuni, mikono kichwani, na nyumbani mkewe alijifunza kutomgusa akiwa amesinzia. Kibandiko kilimrudisha kwenye watu. Alikuwa akisema hivyo bila haya.

"Nasikia unaitwa kwenye kamati ya kituo," alisema.

"Nimeomba mwenyewe niitwe."

"Utasema habari ya kisima."

"Nitasema."

Gwakisa aliokota kijiti, akakivunja vipande. "Chama cha wafanyakazi wanasubiri mtu kama wewe. Watasimama juu ya meza waseme kibandiko ni sumu, kiondolewe chote. Basi mimi nirudi kule nilikokuwa. Dada Tuse, mimi kile kitu hakinipumbazi. Mimi kinaniacha niishi."

"Naamini."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu siku ile ulikuwa karibu. Kesho atakuwa mtu mwingine mbele ya geji, ametulia kama mimi, na wewe hutakuwepo. Wafe sita wengine?"

Hilo halikuwa jambo la kumwambia mtu aliyezika kaka yake, na alijua. Gwakisa aligeuza uso. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya Tukuyu isiyo na haraka.

"Waliosema wasiwasi ndiyo akili hawakulala chini ya kitanda," alisema mwishowe.

"Hapana. Lakini wangu niliuhitaji ile Jumanne, na sikuwa nao."

"Kitabu nimeandika mimi. Mwandiko ni wangu."

"Sitataja jina."

"Hawatakuuliza jina," Gwakisa alisema. "Watafungua kitabu."

Siku mbili Tusekile hakuongea sana nyumbani. Angeweza kunyamaza. Daktari angemshushia dozi kimyakimya, yeye angeomba kazi ya stoo, na Gwakisa angelala. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angejua. Ambakisye alimwona akisoma lile daftari la mashambulio mara kwa mara, akamwachia. Siku ya tatu alimkuta anapiga pasi gauni lake la kanisani.

*

Kamati ilikaa saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa meneja wa kituo, Bwana Kalindimya, mtu mpole wa sauti aliyependa mambo yaishe. Kulia kwake alikaa Bi Tumpe, katibu wa chama cha wafanyakazi, na kushoto Daktari Elinami. Wafanyakazi wa zamu iliyotoka walijaa kwenye viti vya nyuma, Gwakisa akiwa miongoni mwao.

Kalindimya alianza yeye. "Mama, tumesoma barua yako. Kituo kinakuthamini. Kuna nafasi stoo, kule hakuna sharti la masaa sita. Mshahara uleule. Tumalize hapa kwa heri."

"Nashukuru, Bwana meneja. Siitaki."

Bi Tumpe akaegemea mbele. "Basi sema, dada, usiogope. Sema kibandiko ni sumu. Chama kitakulinda."

"Sio sumu," Tusekile alisema. "Ni dawa. Na wewe usinitumie."

Aliweka daftari mezani, na juu yake karatasi ya vipimo vya hewa vya usiku tisa. Akawaonyesha mahali hewa kwenye damu yake iliposhuka hadi themanini na mbili kwa mia, masaa ambayo kibandiko kiliyaandika kuwa ni usingizi mzuri. Akawaeleza kisima namba tisa, mshale wa njano, na jinsi alivyoutazama.

"Nyote mlinipigia makofi," alisema. "Wiki moja baadaye ningewaua. Na siku hiyo lango lilinifungulia."

Kalindimya alikivuta kitabu cha zamu, akafunua ukurasa. "Hapa imeandikwa geji iligoma."

"Ni uongo. Niliunyamazia, na lawama ni yangu."

Nyuma kiti kilisogea. "Nimeandika mimi," Gwakisa alisema akiwa amesimama. "Na kibandiko ninacho mkononi na ninakitaka. Lakini geji haikugoma."

Meneja alimtazama yule, akamtazama huyu. "Mnataka nini sasa? Mmoja anakitaka, mwingine hakitaki."

"Tunataka tupimwe kila mtu na mwili wake," Tusekile alisema. "Kila anayevaa kibandiko apimwe pumzi na hewa ya damu. Dozi aipange daktari pamoja na mgonjwa, kisijipandishie chenyewe gizani. Na mtu wa vali apimwe asubuhi mbele ya geji za mazoezi, auone mshale au asiuone. Msinipime kitandani."

"Sheria inasema masaa sita."

"Iseme. Mimi nimezaliwa na ugonjwa ambao haukuisoma."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Na ukishindwa hicho kipimo chako cha geji?" Kalindimya aliuliza.

"Nitaondoka mwenyewe, hutanisukuma. Na wakati dozi inashushwa sitashika vali, nimeshamwambia daktari. Sina kichaa. Lakini siendi stoo kujificha kama niliyeiba."

Kamati ilijadiliana muda wa chai. Gwakisa alipewa barua ya onyo. Tusekile alisimamishwa vali mpaka atakapofikisha masaa sita kwa njia yoyote aijuayo. Kipimo cha geji hakikukubaliwa. Kipimo cha pumzi kingekuwa cha hiari, Kalindimya alisema, kwa yeyote atakaye, akiamini hakuna atakayetaka.

*

Kushusha dozi si hadithi ya kusimulia kwa raha. Daktari Elinami alikifungia kibandiko uwezo wa kujipandisha, akakipunguza kidogo kila baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza Tusekile hakuhisi kitu. Mara ya pili mikono ilimtetemeka, mwanga wa dirishani ukamuumiza, akalia kwa sababu ya kitunguu kilichoanguka. Ambakisye alitaka warudishe dozi ya juu.

"Hapana," alimwambia. "Lakini chini zaidi pia siendi leo. Nitamwambia daktari."

Walikaa palepale wiki nne badala ya mbili. Kisha wakashuka tena. Alijifunza kunywa maji mengi, kulala na chupa ya maji moto miguuni, kumeza dawa ya maumivu mapema kabla maumivu hayajakomaa. Kila Alhamisi alikaa na muuguzi mmoja wa zahanati aliyemfundisha kuitazama hofu ya maumivu bila kuikimbia, zoezi aliloliona la kijinga wiki tatu za mwanzo. Baada ya miezi mitano kibandiko kilitoka. Shambulio alipata moja tu katika muda wote huo. Usingizi ulirudi kwenye masaa manne, siku nzuri matano, na yalikuwa masaa yake.

Na kila asubuhi ya kazi, tangu siku ile ya kamati, alikwenda langoni. Mwanzoni alikwenda ajulikane tu kwamba hajajificha. Kibandiko kilipotoka alipewa kisomaji cha usingizi kisicho na dawa, akaendelea. Aliweka mkono, lango likamkataa, akachukua karatasi yake ya kukataliwa, akawasalimu wenzake, akarudi. Walinzi walizoea wakawa wanamwekea kiti.

Wenzake walianza kwenda zahanati. Alianza Gwakisa, ambaye hewa yake ilibaki tisini na sita usiku kucha. Daktari alimwambia aendelee bila wasiwasi, naye Gwakisa akatoka akitabasamu kama aliyefaulu mtihani. Akafuata mpishi wa kantini, akafuata fundi umeme mnene aliyekuwa akikoroma. Miezi sita baada ya kamati watu mia moja na kumi na wawili walikuwa wamejipima, na kumi na tisa kati yao pumzi ilishuka vibaya. Watatu walikuwa watunza vali.

Daktari Elinami aliipeleka hesabu hiyo kwa meneja bila barua. Aliiweka mezani akatoka.

Kesho yake Kalindimya alitoka mwenyewe hadi langoni, mwavuli mkononi. Alimkuta Tusekile kwenye kiti chake, karatasi ya siku hiyo tayari iko mfukoni.

"Njoo," alisema, kisha akamwamuru mlinzi afungue kwa ufunguo.

Walikwenda chumba cha mafunzo, ambako geji za mazoezi zilikuwa zimewashwa. Watunza vali sita wa zamu ya asubuhi walishakaa, wote wamepitishwa na lango, wote wana masaa sita. Tusekile akapewa kiti cha saba, chenye geji na gurudumu lake kama vingine. Hakuna aliyeambiwa mshale upi ungepanda wala lini. Dakika ishirini zilipita bila kitu. Kisha geji ya nne ikaanza kupanda polepole sana, na Tusekile akahisi kitu kikisimama kifuani mwake, kile kitu cha zamani alichokichukia usiku mwingi. Mkono wake ulikuwa kwenye gurudumu kabla mshale haujagusa njano. Wanne wakafuata. Wawili hawakuinuka mpaka kengele ilipolia. Mmoja wao alikuwa akiutazama mshale wenyewe.

Kalindimya hakuwakemea wale wawili. Aliwaambia waende kwa daktari sasa hivi, na aliyesalia mwisho aliondoka huku amejishika mkono pale penye kibandiko.

"Kibali cha muda," alimwambia Tusekile. "Utapimwa hivi kila asubuhi. Wote mtapimwa. Huko juu sijui nitawaambia nini." Alitoa fomu, akafungua kalamu. "Hapa lazima nijaze, ndiyo sheria bado. Jana umelala masaa mangapi?"

Angeweza kusema sita. Kalamu ilikuwa inasubiri, na sura ya meneja ilikuwa karibu kumwomba aseme hivyo.

"Manne," alisema. "Andika manne."

Akavaa glavu zake, akaenda kushika zamu.